Gari la Vitesi Mbili

Kampala, 4 Mei 2025

Mdogo wangu Nabintu,

Hapo Goma, mtaani kwetu Mabanga, kunasemaje? Goti la mama je? Mimi mzima, ila mgongo unalalamika. Tangu asubuhi tunashusha marobota ya mivumba, nguo na vitu vya mitumba, kutoka kontena.

Ndayambaje, dereva, atakupa mfuko pamoja na barua hii. Ndani kuna matofali ya plastiki ya kuchezea, mota mbili, rimoti na pinyo kumi na nne, vile vigurudumu vya meno, nilizookota moja moja katika marobota ya vitu vya watoto. Mota kubwa inasukuma gari. Ndogo inasogeza pete kati ya pinyo mbili: ukibonyeza rimoti, gari linatoka vitesi, yaani gia, ya kwanza, yenye nguvu, linaingia ya pili, yenye mbio. Nimechora giaboksi yote. Niliishia darasa la tano, lakini meno najua kuhesabu.

Ulisema karakana mpya inatafuta mufundi mmoja wa kufundisha vijana kazi hii, na hawatazami diplome, wanatazama mikono. Sina njia nyingine ya kurudi nyumbani. Liunganishe, uliendeshe kwenye mawe ya volkano hapo uani, uniambie ukweli.

Yaya yako, Bashige

Goma, 21 Mei 2025

Yaya Bashige, mkubwa wangu,

Pole na marobota. Mama anakusalimu, goti linauma, ila bado anatugombeza vizuri.

Gari limepanda mawe na linabadilisha vitesi bila kukwama. Jirani yetu Prodige, ambaye naye anaitaka nafasi ile, alikuja kutazama akasema, "Hiyo bahati ya leo tu." Nikamwambia alete lake. Mpaka sasa anatafuta viatu vya kwenda kulileta.

Juri, wale watakaochagua mufundi, watakaa tarehe 28 Juni. Uje.

Mdogo wako, Nabintu

Kampala, 5 Juni 2025

Nabintu,

Sote hapa tuko salama, na mimi kuliko wote. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya robota, nikaisoma tena. Nimemwambia patron, bosi wetu, naondoka. Akacheka: "Utafundisha nini, wewe?" Nimemwacha acheke. Kitanda changu nimempa Mukongomani mwingine.

Shida ni moja. Karatasi zangu za kusafiria ziko kwenye droo ya patron, na hatazitoa kabla ya tarehe 30. Basi simama mbele ya juri badala yangu. Taja jina langu kwanza, ndipo uwashe mota.

Yaya yako, Bashige

Goma, 29 Juni 2025

Yaya,

Mama mzima. Barua hii nampa Ndayambaje sasa hivi, ikukute kabla hujapanda basi.

Juri waliuliza, "Nani ametengeneza hili?" Nikasema ni mimi.

Mbele yangu walimwondoa Bénita, aliyeleta kazi ya mume wake. Walimwambia, "Hatuajiri mutu asiyeonekana." Ningetaja jina lako, nafasi ingekuwa ya Prodige.

Na kuna jambo nilikuficha mwezi wa tano. Giaboksi yako ilikwama siku ya kwanza. Pinyo zote mbili zilishikwa kwa pamoja, mota ikanuka moshi. Yaya, ulichora gia ya Fuso, lori la marehemu papa, baba yetu, ile mbovu, aliyokuwa akiipiga kofi ikatoka ya kwanza kuingia ya pili moja kwa moja. Tulikua tukidhani magari yote yako hivyo. Hukuweka point mort, ile nafasi ya katikati ambapo pete haishiki pinyo yoyote. Mimi ndiye niliyeiweka. Ilinichukua siku tisa. Sikutaka kukuvunja moyo.

Kwa hiyo sikudanganya kabisa. Nafasi wamenipa.

Mdogo wako, Nabintu

Goma, 3 Agosti 2025

Yaya,

Wiki tano bila neno lako. Ndayambaje anasema u mzima, umekonda tu. Mama anauliza kama nimekukosea. Namjibu kazi zimekuzidi.

Nina wanafunzi kumi na wawili. Pinyo hazitoshi, hasa za meno ishirini. Ukiziona katika mivumba, utukumbuke.

Mdogo wako, Nabintu

Kampala, 24 Agosti 2025

Nabintu,

Mimi mzima. Msalimu mama, na umwambie ukweli mwenyewe. Uongo huo sitakusaidia kuubeba.

Niliomba kurudi kazini. Patron alitaka niombe mbele ya wote. Sasa wananiita Mwalimu. "Mwalimu, shika robota." Nalala juu ya makartoni, kwa kuwa kitanda nilikwisha kukitoa.

Kuhusu Fuso ya papa umesema kweli. Nilichora upya, nikaona pete haina pa kupumzikia. Ungeniandikia mwezi wa tano, ningerekebisha, na ingekuwa kazi yangu yenye kosa lililosahihishwa. Ulinyamaza, ndiyo maana ikawa yako. Sijui kama ulinyamaza kwa kunihurumia. Usinijibu hilo.

Jumanne tulifungua robota la watoto. Pinyo za meno ishirini zilikuwa nyingi, hazijachakaa. Nilizishika, nikahesabu meno yake, nikazirudisha. Robota limekwenda sokoni.

Bashige