Kufuli la Mlango wa Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe nikiandika mbiombio, kwa maana tangu wiki jana nimejaa furaha na hofu kwa pamoja na sijui nianze na ipi. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, nina miaka ishirini na sita, katika shule ya bweni ya wasichana isiyo mbali na Kosele, na muhula huu nilipewa kazi ya kusimamia afya na usalama wa wanafunzi na wafanyakazi, kazi ambayo wenzangu huikwepa lakini mimi niliipenda hadi nikawa naiota, nikakagua matangi ya maji, nikajaza upya sanduku la huduma ya kwanza, nikamsimamia mpishi wetu Maurice akinawa mikono mpaka akaniuliza, "Madam, unataka kunioa ama kunifunga?"

Jumanne nikaamua kufanya zoezi la kutoka bwenini kana kwamba kuna moto, bila kumwambia mtu. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, upepo mkali, stima imepotea na kengele haikulia, kwa hiyo nikachukua sufuria ya Maurice nikaipiga kwa mwiko kwa nguvu zangu zote. Wewe ni mtu wa huku ziwani, unajua kilichofuata. Wasichana walidhani nyawawa wanapita, yale mapepo ya upepo wa ziwa ambayo watu huyasindikiza kwa kupiga vyombo, na badala ya kutoka wakafunga madirisha wakaanza kupiga masanduku na vitanda, themanini kwa pamoja, na majirani nao wakaitikia kwa mabati mpaka kelele zikafika sokoni. Nilicheka. Sijawahi kusisimka namna ile.

Nilipoingia nikisema ni zoezi la moto, wakakimbilia mlango wa nyuma, na mlango huo ulikuwa na kufuli kwa nje. Wa nyuma wakasukuma wa mbele, Phanice wa kidato cha kwanza akabanwa kifua mpaka akakosa pumzi, tukamtoa kwa mlango wa mbele akikohoa. Amepona, namshukuru Mungu.

Mshauri, kufuli lile ni langu. Muhula uliopita matroni, nitamwita Emmaculate, alikuwa likizoni nami nikashika zamu yake, na kwa kuwa wasichana walitoroka kwa mlango ule kwenda kununua mandazi uani, nilinunua kufuli nikafunga, ufunguo nikautia katika koti la maabara na sijauona tena. Matroni aliporudi alidhani ni amri ya mkuu wa shule, hakuuliza, nami sikusema. Sasa mkuu amempa barua ya kujieleza, bodi itakaa mwisho wa mwezi na huenda akafutwa kazi baada ya miaka kumi na minne, na mkuu ameagiza kufuli lisiguswe mpaka bodi ilione, huku mimi nikisifiwa kwamba ndiye niliyefichua. Jana Emmaculate alinishika mkono akasema, "Nyathina, mwanangu, asante kwa hao watoto. Mimi sijui hata hilo kufuli lilitoka wapi." Nikamjibu, "Ni sawa, mama."

Tena walimu wa usalama wa shule kadhaa watakutana Migori Jumamosi baada ya kikao cha bodi, na nimeombwa niwafundishe. Hotuba nimeshaiandika, naisema nikioga, nikifika kwenye sufuria nacheka peke yangu. Nina mengi ya kweli ya kuwaambia. Je, ni vibaya nikizungumza kwanza, halafu nikakiri?

Mwalimu L., Homa Bay

Mwalimu L.,

Jibu hili nilikutumia kwa simu mara tu nilipomaliza barua yako. Hapa linachapishwa kwa ajili ya walimu wengine.

Nimecheka kuhusu sufuria, sitakuficha. Mama yangu angekuwa jirani yenu angekuwa wa kwanza kushika kifuniko. Siku nyingine tumia filimbi, na uwazoeze wasichana mlio wake kabla ya kuwashtua. Hata kufunga mlango naelewa; ulikuwa mgeni wa kazi, umeachiwa wasichana themanini na mandazi uani.

Lakini "ni sawa, mama" siyo ugeni wa kazi. Mwanamke anayekaribia kupoteza mkate wake kwa sababu yako alikushukuru, nawe ukapokea shukrani. Unaniuliza kama ni vibaya. Jibu unalo, dada yangu, ungekuwa hulijui usingeniandikia.

Nenda kwa Emmaculate leo. Mwambie mkiwa wawili, wala usilie hadi yeye ndiye akubembeleze. Kisha mwandikie mkuu ukurasa mmoja: tarehe, kufuli, ufunguo, jina lako, nakala kwa mwenyekiti wa bodi. Huenda ukaadhibiwa, vumilia. Waandalizi wa Migori nao waambie. Wakikutaka bado, anza na kufuli, sufuria ije baadaye. Wengi wa watakaokusikiliza wana milango yao.

Hayo yote yanaweza kungoja saa moja. Hili haliwezi. Umeandika kwamba kufuli liko palepale likisubiri bodi, na wasichana themanini wanalala mle, na hukuliweka hata miongoni mwa maswali yako. Lipige picha, mkuu apate ushahidi wake. Halafu mwambie Maurice alete msumeno wa chuma, likatwe sasa hivi, na mtu akiuliza ni nani aliyeruhusu, taja jina lako.