Uzi wa Kigoma

Kambini, Korogwe
Mwezi wa saba

Mpendwa baba,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta umekaa barazani kwa dada Edna, mguu umeuweka juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, na si shambani ukibishana na mahindi yaliyokwisha kukauka. Edna ameniambia kwamba huko Handeni mvua imewapita tena na maji mnayafuata mbali. Poleni sana. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi ndio umenikimbia. Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwa simu ningelia, nawe ungeanza kunibembeleza kabla hujajua nilichofanya. Naomba uisome mwenyewe, usimpe Edna akusomee.

Nilikueleza kwamba mwaka huu nimepewa kidato cha kwanza, Kiswahili na Historia. Watoto wa kambi hii ya mkonge unawajua, wanaingia darasani wamenuna kama waliolazimishwa kunywa dawa. Historia kwao ilikuwa majina ya watu waliokufa mbali. Basi nikawaambia wakaulize nyumbani babu zao walitoka wapi na walifikaje hapa, halafu waje watusimulie. Baba, sijawahi kuona kitu kama kile. Mtoto ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu Januari alisimama akaeleza jinsi babu yake alivyotoka Songea akiwa na blanketi moja. Tukachora ramani ya nchi kwenye karatasi ya manila, tukaibandika ukuta wa nyuma, kila mtoto akavuta uzi wa katani kutoka kwao hadi Korogwe na kuuandikia jina lake. Hata Kibwana, Mzigua wa hapo hapo Handeni, alivuta kauzi kake kafupi na kukaringia.

Uzi wa kwanza nilifunga mimi, ili wasione aibu. Nilifunga Kigoma, nikaandika mjukuu wa Yordani. Uliofuata ulikuwa wa Grasiana, mjukuu wa Mzee Ponsiano, yule aliyepanda treni moja na babu. Grasiana alifurahi mpaka akaomba nyuzi zetu zikae kwenye pini moja.

Nikaona wazazi nao waje wayaone masomo ya watoto wao. Unajua kikao cha wazazi kilivyo huku kwetu, kikiitwa tu watu wanajua ni mchango, wanamtuma bibi asiyesikia vizuri. Nikatangaza kwamba hakuna mchango, ni kufahamiana tu. Siku ile darasa lilijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Nilivimba kichwa, baba. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Kumbe hawakuja kwa ajili yangu. Wiki hiyo ilitangazwa kwamba nyumba na viwanja vya kambi vitagawiwa, na maneno yakazagaa kwamba watakaopewa ni wazawa, wa kuja watafikiriwa baadaye. Katikati ya maneno hayo, mimi nilikuwa nawahoji watoto wao walitoka wapi. Walidhani nimetumwa. Nilikuwa bado naeleza kwamba kwenye Kiswahili watoto watajifunza kusimulia na kwenye Historia watajifunza kuuliza, mara mama yake Jacob akanyanyuka, akaenda ukutani, akachomoa uzi wa mwanawe, akaufunga kwenye pindo la khanga na kurudi kukaa. Akafuata mwingine, na mwingine. Walikuwa wanapishana pale kama watu wanaoanua nguo mvua ikikaribia, na watoto wao wanawaangalia. Mama mmoja aliniambia kwa upole kabisa, akiniita mwanangu, kwamba si kila anachokisikia mtoto nyumbani ni cha kubandikwa ukutani.

Unajua kwamba ile nyumba ya babu hapa kambini nilikuwa nimeiombea kwa jina lako. Nikageuka kama mtu anayenyoosha ramani, nikachomoa uzi wangu. Wa Grasiana ukalegea kwa kuwa pini ilikuwa moja, nikaubana tena vizuri. Wake niliuacha.

Hapo ndipo Mzee Hiza wa kamati ya ugawaji alipoingia. Hakai kambini, lakini yeye pia ana mtoto pale, na sikuona ubaya usoni mwake. Alitazama ramani, akaona kale kafupi ka Kibwana na uzi mmoja tu mrefu, wa Grasiana, akatania kwamba kumbe kambi nzima ina mgeni mmoja tu. Watu wakacheka, lakini kicheko cha woga. Mzee Ponsiano akasimama na mkongojo wake. Akasema mgeni mwenyewe ndiye yeye, ni Muha, alikuja kijana na mgongo wake umeishia kwenye mkonge huu, hana la kuficha. Akaongeza kwamba hakuja peke yake, alikuja na Yordani, na mjukuu wa Yordani ndiye huyu mwalimu wao. Akanitazama akitabasamu, akaniomba niwaambie.

Baba, nilisema mzee amenifananisha. Nilisema sisi ni Wazigua wa Handeni tangu asili, na kwamba baba yangu anaishi huko mpaka leo.

Watoto wote walikuwa wananitazama, hao hao walionisikia nikiitaja Kigoma kwa majivuno. Hakuna aliyenisuta. Grasiana aliinamisha kichwa. Watu, hata wale waliomjua babu, wakamwambia Mzee Ponsiano kwamba ni umri huo, akae, naye akakaa. Ningeweza kujitetea kwamba niliwanusuru wazazi wote waliokuwa mle ndani, lakini ni uongo. Niliifikiria nyumba yetu tu. Miaka yote tukikutana njiani mzee yule huniamkia kwa Kiha, mwakeye, nami humwitikia. Siku ile akitoka aliniaga kwa Kiswahili, akaniita mwalimu.

Nyumba yake imepewa mtu mwingine. Amehamia Segera kwa binti yake. Nilimfuata huko, binti akaniambia mzee amelala, ingawa nilimsikia akikohoa. Grasiana nilimkuta barabarani akiuza machungwa kwenye madirisha ya mabasi, shule ameacha. Nikamwambia nitamtafutia uhamisho. Akasema shikamoo mwalimu, asante mwalimu, kisha basi la Arusha likasimama, akalikimbilia. Darasani nimerudi kwenye kitabu. Nikiuliza swali wanangoja nitoe mwenyewe jibu ninalolitaka, nao waliandike. Ramani mkuu wa shule aliiondoa. Nimewaza kwenda kwa Mzee Hiza nikaseme kweli, lakini nikienda yetu itaondoka na ya Mzee Ponsiano haitarudi. Basi sijaenda, na nikijijua nilivyo, sitakwenda.

Sisi tumepata, baba. Kiwanja kimekwisha kupimwa na ni chako. Kaburi la babu limo ndani ya mipaka, pale chini ya mchikichi ambao mbegu yake aliileta kutoka kwao. Mguu ukipona unaweza kuja hata kesho. Ila najua desturi yako, kabla hujatua begi unakwenda kaburini kumwamkia baba yako kwa Kiha, kwa ile sauti yako inayosikika kambi nzima. Nakuomba sana, safari hii umwamkie kimoyomoyo.

Msalimie dada Edna na wanawe, na shemeji akirudi. Huku hakuna anayekusalimu, maana sijamwambia mtu kwamba nakuandikia.

Ni mimi mwanao,
Evodia