Kuhesabu Bila Kukosea

Jumapili, 1 Oktoba 1911

Kefa kashuka kwenye treni leo. Viatu! Miaka mitatu Dar es Salaam, kwenye ile shule kubwa ya kampuni ya reli, na sasa ni karani wa boma. Anasema shule ina vijana mia nne, ghorofa mbili, na taa zisizotaka mafuta. Amenenepa. Mama yake alimpa ugali wa uwele na mlenda, akala kwa ncha za vidole kama anayeokota mende. Nilimcheka moyoni. Na wivu nao ulinipanda.

Nataka kwenda. Misheni wameshanifundisha kuandika, na kuhesabu kwa Kijerumani. Treni ya Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 13, inawachukua wanafunzi wapya. Sharti ni moja tu — barua ya Bwana Mkubwa wa boma.

Jumanne, 3 Oktoba

Bwana Mkubwa ametangaza: kila mwenye ng'ombe aende bomani ataje idadi yao. Wazee wanaona ni wazimu. Kwetu ng'ombe hahesabiwi, wala mtoto. Ukihesabu umekaribisha kifo zizini. Baba huwatazama tu jioni wakiingia, rangi na pembe, na akikosekana mmoja anajua ni yupi.

Kaenda hata hivyo. Kamwambia Kefa, "kama ishirini hivi." Kefa kaandika ishirini. Karani gani haulizi swali la pili? Mimi ningeuliza.

Ijumaa, 6 Oktoba

Wamempiga Mzee Chiwanga. Ni mjomba wake Kefa, ndiye aliyemlea. Kosa: amegoma kutaja idadi. Hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, mbele ya watu wote. Askari anapiga, karani anahesabu kwa sauti, kwa Kijerumani — ndiyo desturi ya boma.

Kefa alianza vizuri. Kufika kumi na saba, mzee akamwita kwa jina lake la utotoni. Kefa akanyamaza. Kiboko kikashuka bila namba. Bwana Mkubwa akauliza imefika ngapi. Kefa hajui! Basi ikaanzwa upya, kutoka moja.

Arobaini na tatu kwa jumla. Mimi sikupotea.

Baadaye nilimkuta akivua viatu, nikamuuliza kama ile shule inafaa kweli. Alivipanga viatu ukutani kwanza.

"Chakula ni kizuri, Elieza," akasema. "Nenda. Ila ukimaliza, omba kazi mbali na kwenu."

Hilo si jibu.

Jumamosi, 7 Oktoba

Mama hataki niende. Sasa kapata sababu. Nimemwambia Kefa alikosea kwa uzembe wake tu, shule haina kosa. Akaacha kusaga, akanitazama.

Nitakwenda tu.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimejaribiwa! Bwana Mkubwa hamwamini Kefa tena. Kanipa penseli na daftari: kaa kisimani Kizota, hesabu ng'ombe wote watakaokuja kunywa, andika na majina ya wenyewe. Nimekaa huko tangu asubuhi, vumbi mpaka kooni. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Sikujali. Majina upande huu, idadi upande ule, mistari imenyooka. Wa baba niliwahesabu mara mbili, maana sikutaka kosa hata dogo. Arobaini na moja.

Bwana Mkubwa kasema mwandiko wangu unaushinda wa Kefa. Barua kaiandika palepale. Umebaki muhuri — atagonga Alhamisi.

Nimefurahi. Nimefurahi kweli.

Jumatano, 11 Oktoba

Askari wawili wamekuja kumchukua baba. Daftari la Kefa linasema ishirini, langu arobaini na moja.

Sikufikiri. — Uongo. Nilifikiri. Nilipokuwa naandika namba ile niliikumbuka ishirini ya Kefa, nikaona raha kwamba sasa Bwana Mkubwa ataona ana karani mpumbavu. Baba sikumkumbuka kabisa.

Mama hakupiga kelele. Kanipakulia chakula kama siku zote, kisha akakaa akanipa mgongo.

Alhamisi, 12 Oktoba

Niko bomani, kibarazani. Kefa kasema ana homa. Hana homa. Bwana Mkubwa anataka viboko nihesabu mimi, halafu ndipo agonge muhuri. Nikikataa, treni inaondoka kesho bila mimi na baba atapigwa vilevile. Nimejiambia hivyo tangu alfajiri. Naona aibu, lakini sijaondoka.

Nilimpelekea baba maji. Shikamoo yangu kaipokea. Akaniuliza kama ni kweli kule kuna taa zisizotaka mafuta. Nikasema ndiyo. Akauliza kama naweza kufika ishirini na tano bila kusimama. Nikasema ndiyo.

"Basi ukiwa pale usiniite baba," akasema. "Na mimi sitakuita."

Wako watatu leo, yeye ni wa mwisho. Wa kwanza nimemhesabu vizuri. Wa pili pia. Sauti haikutetemeka, Bwana Mkubwa alitikisa kichwa kukubali. Askari sasa anapumzika, anakunywa maji. Barua iko mezani, na muhuri kando yake. Wanamleta. Anatembea taratibu, ananipita hapa nilipokaa, kama mtu asiyenijua.