Kutuma Bungoma Si Gali

Kwa ndugu yangu Wanjala,

Mmeamkaje hapo Kabuchai? Nelima mkeo, ule mguu aliojikata na jembe umepona? Watoto wanaenda shule? Na mama je, siku hizi analala? Mimi huku Doha niko mzima. Joto linatuchoma, lakini shuka za hoteli zinafuliwa na mshahara unaingia. Salamu zitoshe hapo. Ndugu yangu, nimekasirika, na sikufichi, hasira nyingine ni yako.

Nimeandika kwa karatasi makusudi. Kwa simu ukisikia nimeanza kupandisha sauti unasema "sawa dada, sawa dada", halafu network inapotea yenyewe. Tena simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, na mama yuko hapo kitandani anasikia yote. Barua hii anakuletea Chebet, msichana wa Kapsokwony ambaye tunafua naye. Anakuja likizo wiki hii na atapitia hapo Bungoma kabla ya kupanda mlimani kwao. Isome ukiwa nje.

Nakueleza kutoka mwanzo kwa sababu najua yule mtu wa Kitale alikupa hadithi yake ukaimeza nzima. Unajua tangu mama ashikwe na kiharusi, ule upande wa kushoto ukalala, havuki mlango mpaka abebwe. Siku moja aliniambia ati hatamani kitu kikubwa, anataka tu kukaa nje aone watu wakipita barabarani wakienda sokoni. Nilienda nikalia kwa choo cha kazini. Ndipo nikaingia kwa mnada wa simu, ule wa jamaa anayejiita Bwana Mnada. Anaweka picha ya kitu jioni, watu wanataja bei hapo chini, na akishaandika "imefungwa", mwenye bei ya juu ndiye amepata. Siku hiyo akaweka kiti cha magurudumu. Kimetumika, ndio, lakini breki zinashika, kitambaa hakijapasuka, na vikanyagio vya miguu viko vyote viwili. Chini ya picha akaandika: "Kitu iko Kitale. Kutuma Bungoma si gali."

Wewe ungesoma nini hapo? Sisi gh tunaisema g, na l na r tumezichanganya tangu tujue kuongea, mwalimu akatuchapa mpaka mkono wake ukachoka. Mtu wa kwetu akikwambia sukari imekuwa gali, unatafuta usukani? Nikajua anasema kutuma si ghali. Nikaingia kwa mnada na nguvu zote. Kulikuwa na mtu wa Eldoret ananifuata, nikipanda anapanda, na kila mara najiambia haidhuru, wacha bei iende juu, kukifikisha nyumbani ni kitu kidogo. Nikashinda. Nikalipa hapo hapo.

Kesho yake akaandika: "Bado ya kutuma." Pesa aliyotaja ilikaribia bei ya kiti chenyewe. Nikamuuliza si wewe uliandika si ghali? Akanitumia sauti, ametulia tu kama mtu anachambua mboga: "Dada, soma vizuri. Nilisema si gari. Hii kitu matatu zinakataa kuibeba. Inaenda na pikipiki ya kukodi, unalipia kwenda na kurudi."

Si gari. Wanjala, nilisikiza hiyo sauti mpaka Chebet akaninyang'anya simu. Na hiyo ya kurudi, kwani pikipiki ikifika Kabuchai mimi ndiye naioa, ati nigharamie irudi kwao? Nikamwambia haya, basi ndugu yangu atakuja kuchukua mwenyewe. Akasema karibu, lakini hata kuchukua kuna malipo yake, ya kukitoa stoo na ya kulala huko. Kiti kina magurudumu, bana. Kinatoka stoo ukikisukuma kwa kidole.

Nikapeleka maneno kwa group ya huo mnada, mbele ya watu wote. Hapo ndipo niliona maajabu. Nusu wanasema dada ana haki, gali ni ghali. Nusu wanasema gali ni gari, wacha alipe. Mama mmoja wa Webuye akaniambia ati niwache kujifanya sijui Kiswahili cha nyumbani. Nikamuuliza, wewe ukisema nyanya zimekuwa gali, zinaendeshwa na nani? Watu wakacheka, na mimi kwa ujinga wangu nikafikiri nimeshinda. Bwana Mnada akaniondoa kwa group.

Sasa tuje kwako. Nilikutuma Kitale ukachukue kiti. Sikukutuma ukasalimiane. Ulikuwa uende na mjomba Simiyu, ndugu ya mama, ambaye ana pick-up. Hukumwambia kwa sababu hupendi kusumbua watu, ukaenda peke yako na matatu. Yule mtu akakuwekea stuli dukani kwake, akakuita mtumishi wa Mungu kwa sababu uliingia na tai ya kanisa, akakuomba hiyo pesa ya kuchukua kwa upole, na wewe ukatoa uliyokuwa nayo. Haikutosha. Kwa hiyo akakupa vikanyagio, ati ni vya kuanzia. Na wewe, mtu mzima mwenye watoto, ukavipokea ukasema asante, ukapanda gari ukarudi Kabuchai na mahali pa kuwekea miguu, bila mahali pa kukalia.

Ungevificha basi. Lakini hapana, ukampelekea mama. Unajua aliniambia nini Jumapili? Alisema, "Nasimiyu, miguu ya kiti imefika. Kiti chenyewe kiko njiani?" Anaviweka kando ya mto wa kulalia, Nelima amenihadithia, na akija mgeni anamwonyesha. Nilimwambia ndio mama, kiko njiani. Nimemdanganya mama yangu mgonjwa kwa sababu ya herufi moja na mdogo wangu mwenye adabu nyingi. Hiyo ndiyo inaniuma, Wanjala, kuliko pesa.

Na bado. Chebet hakuondolewa kwa group. Juzi akanionyesha simu: Bwana Mnada amekiweka kiti tena. Picha ile ile. Ameandika, "Haina vikanyagio, bei nafuu. Mnada Jumamosi jioni." Kiti changu, nilichokwisha kulipia, anakiuza bila miguu kwa sababu miguu iko kwetu. Nilikaa chini kwa sakafu ya chumba cha kufulia nikaanza kuandika barua hii.

Kwa hivyo sikiza, na mara hii usiniambie sawa.

Jumamosi asubuhi umwendee mjomba Simiyu. Usimwombe kama mtu anaomba msamaha. Mwambie Nasimiyu amesema. Mwogeshe mama, yaani Nelima amwogeshe, amvalishe ile gauni ya bluu niliyomletea na leso kichwani, mumweke mbele kwa pick-up. Vikanyagio avibebe mwenyewe magotini. Mkifika Kitale msiingie ndani kuongea. Mjomba asimame mlangoni, wewe kitoe hicho kiti nje ya duka hapo watu wanapita, uvifunge vikanyagio mbele ya macho yao, na umkalishe mama.

Halafu unyamaze. Hicho tu ndicho nakuomba, na najua unakiweza. Mama akishakaa, acha aangalie watu wanavyokwenda sokoni, Jumamosi Kitale imejaa, ataangalia mpaka ashibe. Huyo Bwana Mnada amezoea kuniambia mimi maneno kwa simu. Mwache atoke nje, mbele ya wateja wake, amwambie mama yetu ainuke.

Nisalimie Nelima sana, na mwambie asante kwa kunihadithia ukweli ambao wewe hukunihadithia. Msalimie mjomba Simiyu, mafuta ya gari nitarudisha mimi. Shangazi Nasambu, dada ya marehemu baba, mwambie dawa yake ya macho iko kwa mzigo wa Chebet. Watoto wakumbatie. Mama usimwambie mnaenda wapi mpaka awe ameshavaa. Na usikasirike nami sana. Nikimaliza kukugombeza huwa nakukumbuka, ndiyo shida.

Mkishamkalisha, mtu huyo atauliza mzigo unaondoka na nini, kwa sababu bado atataka pesa yake ya kutuma. Hapo tu ndipo ufungue mdomo, umjibu kwamba unaondoka na gali. Aiandike mwenyewe kwa herufi anayotaka.

Ni mimi dada yako ambaye bado ana hasira,
Nasimiyu