Gololi Moja Pungufu

Mtani wangu Hemedi,

Nimenunua baiskeli. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungetaka kulisikia kwanza, kabla ya hali za watu na kabla ya habari za mvua. Ni ya kike, rangi ya kijani, breki zake za fito kama ulivyokuwa ukishauri, ina keria, kengele na madigadi yote mawili. Niliinunua Kilwa Masoko, ikaja kwenye buti la basi imelazwa juu ya magunia ya nazi ya mtu. Niliposhushiwa hapa Somanga ilikuwa bado imeviringishwa nailoni kuanzia usukani mpaka keria, na nailoni hiyo sikuitoa. Najua. Ulikuwa ukisema nailoni inafuga chumvi ya pwani, kutu inaanzia chini yake pasipoonekana. Ukimwona mtu na baiskeli ya miezi sita ingali na nailoni, ulikuwa unamsimamisha barabarani na kuichana kwa meno mbele ya watu. Lakini hukuwepo wa kuichana, basi nikajipa siku mbili za kuringa.

Sababu ya kununua ni uhamisho. Tangu muhula uanze nafundisha shule ya huko ndani, kilomita tisa kutoka barabara ya lami, na nyumba za walimu kule zimejaa. Bodaboda hawaondoki na abiria mmoja. Wanakungojesha mpaka apatikane wa pili, na asubuhi wa pili hapatikani. Nilichelewa mara nyingi kiasi kwamba watoto wa darasa la tatu walishazoea kuanza hesabu bila mimi.

Siku ya kwanza niliikokota kutoka kituoni hadi nyumbani, sikuipanda, na nilipita njia ndefu. Nakwambia ukweli kwa kuwa huwezi tena kunitangaza: nilipita mbele ya wakaanga samaki makusudi, kisha nikarudi nikapita tena kama niliyesahau kitu. Mama mmoja wa samaki akauliza kama mwalimu amepata mchumba mwenye duka. Mzee wa korosho akaiminya tairi ya mbele kwa kidole gumba, akatikisa kichwa kama daktari, akasema tairi za siku hizi nyepesi. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Mwalimu, hiyo chombo ni kali, ila mchanga wa huko ndani utakutambua." Nikapiga kengele mara moja, nikaendelea na safari yangu.

Siku ya tatu niliichana nailoni nikaanza kazi. Ulinifundisha kwamba baiskeli mpya haijafungwa, imeshikizwa tu ili ifike dukani, na mwenye akili anaifungua, anaipaka grisi, anaifunga upya. Nilitandika gunia nyuma ya jiko nikaanza na kiti. Nilikipima kwa urefu wa mkono, kutoka kwapani hadi ncha za vidole, kisha nikakishusha kidogo kwa ajili ya gauni. Usukani niliunyoosha kwa kuibana tairi ya mbele kati ya magoti. Pedeli ya kushoto nilikumbuka kwamba inakazwa kinyume. Mwaka ule ulipokuwa ukinifundisha ulinipigia kelele juu ya pedeli kama hiyo, ukasema sisi Wamatumbi skrubu tunaizungusha tunakotaka sisi, siyo inakotaka yenyewe. Safari hii niliikaza inakotaka yenyewe, ikakaa.

Kilichonishinda ni habu ya mbele, pale kwenye kitovu cha gurudumu. Ndani ilikuwa kavu kabisa, ulisema kweli. Gololi za upande mmoja nilizitoa salama, kumi, nikaziweka kwenye kifuniko cha ndoo. Upande wa pili nilipolegeza nati, ekseli ikateleza, gololi zikamwagika, na hazikumwagikia kwenye gunia, zilimwagikia mchangani. Nilizitafuta kwa vidole, kisha nikauchekecha mchanga wote kwa chekeche la unga. Nikapata tisa. Nikachekecha tena. Tisa. Nikaifunga hivyo hivyo na kuizungusha, ikazunguka vizuri tu, na asiyejua asingejua. Lakini mimi nilikuwa nakusikia unavyowasema mafundi wavivu, kwamba gololi tisa zitakufikisha leo na zitakuangusha mwezi ujao. Na njia ya shuleni ina mteremko mmoja wa mawe ambao sipendi hata kuutaja.

Hapa kwetu hakuna mwingine mwenye gololi za baiskeli. Fundi aliyebaki anashughulika na pikipiki. Zilizopo ziko kwenye kopo lako la maziwa ya unga, kopo liko chumbani kwako, na ufunguo anao mkeo, Bi Somoe. Nami nyumbani kwako nilikuwa sijakanyaga tangu siku ya mazishi.

Lazima nikwambie ilivyokuwa, maana siku hiyo hukuona kitu.

Mimi Mmatumbi na wewe Mngindo. Utani wetu hatukuuanzisha, tuliukuta. Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kukuamkia shikamoo, japo ulikuwa na umri wa baba yangu mdogo. Ulikuwa ukiniuliza nimeshuka mlimani saa ngapi na kama nimeshazoea kutembea tambarare, nami nikikuuliza leo umefuata nyuki gani mpaka ukapotea njia ya kwenda kuoga. Sikukuu moja uliingia jikoni kwangu ukabeba sufuria ya pilau ikiwa inafuka, ukaifunga kwenye keria ukaondoka nayo, na sikuwa na haki ya kudai hata mfuniko. Wiki iliyofuata nilichukua pampu yako, ukajaza tairi za watu kwa pampu ya kuazima siku nne.

Kanuni hiyo inafika mpaka msibani. Mtani halii. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wake, anawatukana wafiwa mpaka wacheke. Jeneza likitaka kutoka, anasimama mlangoni na kusema huyu hatoki, ana kazi zetu hajazimaliza. Wafiwa wanampa kitu, kuku au kanga, ndipo anapisha. Mtu akitolewa hivyo ujue alikuwa mtu wa watu.

Wote walikuwa wakiningoja mimi. Bi Somoe alikuwa ameshalitoa ovaroli lako, limekunjwa, liko juu ya kiti. Niliingia, nikaliona, nikakaa kwenye jamvi nikalia. Sikulia kidogo. Walipokuinua nilikuwa bado nimejifunika uso kwa mtandio, na jeneza likapita mlangoni bila mtu wa kulizuia. Nilisikia miguu ya wanaume tu. Baadaye mkeo akasema, akiwaambia wanawake waliomzunguka lakini kwa sauti ya kunifikia, "Hemedi katolewa kama mpita njia."

Tangu hapo akawa ananijibu kwa adabu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya lile neno. Zamani nikipita nje ya ua wenu aliniuliza nimekuja kuiba nini. Sasa nikipita na kumwambia shikamoo, anaitikia, "Marahaba mwalimu, habari za kazi." Mtani akikujibu vizuri ujue amekufuta. Siku ya arobaini yako nilisingizia mitihani. Alipokuwa eda nilisingizia eda, kama vile mwanamke hakuruhusiwa kumtembelea mwanamke mwenzake. Ningeweza kuendelea hivyo miaka. Watu wengi wanaendelea hivyo na wanazeeka salama.

Jana alasiri, wiki ya tatu tangu atoke eda, niliikokota baiskeli mpaka kwako. Nilikuwa nimepanga maneno ya pole, marefu, ya kusoma kwenye karatasi. Alikuwa amekaa barazani na kazi yake ya kusuka ukili. "Shikamoo." "Marahaba." Maneno yangu yote yakaishia hapo, nikamwambia nataka gololi moja ya habu ya mbele. Aliingia ndani, akatoka na kopo, akalimimina kwenye ungo, tukakaa wawili tunachagua kama tunaochambua mchele. Zilikuwa zimechanganyika, za mbele, za nyuma, za pedeli, na vifungo viwili vya shati. Kisha nikasikia mdomo wangu unasema, "Mngindo huyu hata kopo lilimshinda kulipanga. Ndiyo maana amekimbia, aliona kazi ya kuzichambua."

Mkono wake ukasimama. Hakucheka. "Umechelewa, Tabu," akasema, na hakuniangalia.

Nikakubali kwamba nimechelewa.

"Miezi mitano. Haya sema, siku ile ulikuwa unamlilia nani? Mumeo?"

Huo ulikuwa utani, Hemedi. Ulikuwa na miiba, lakini ulikuwa utani, na kama ningekuwa mtani mzima ningemjibu. Nilishindwa, nikasema kweli. Nilimwambia kusimama mlangoni ningeweza. Ovaroli ningevaa, na mwendo wako naujua, ule wa kuvuta mguu wa kulia kama unatafuta spana iliyoanguka. Lakini mtani akipewa chake anapisha. Mimi nilijua nikishasimama pale, hata wangenipa ng'ombe, nisingepisha. Ningewaaibisha watu na maiti yuko mabegani. Ndiyo maana nikakaa chini.

Bi Somoe aliendelea kuchagua. Alitenga gololi tatu, akazirudisha. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nakutegemea wewe umzuie. Nilijua ukisimama pale nitakaa naye dakika tano zaidi."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Miezi yote mitano nilidhani amekasirika kwa ajili ya heshima yako, kumbe nilimnyima dakika zake. Nililia tena, ndiyo, kwenye baraza yako, mbele ya ungo. Naye akalia. Halafu akaniambia ninyamaze, maana Mmatumbi akilia mvua inakimbia, na yeye ana mihogo yake shambani.

Gololi tuliipata. Tuliifungua habu palepale barazani, yeye akashika ekseli kwa vidole viwili, nami nikazipanga kwenye grisi mpaka zikatimia kumi. Mkono wake umeizoea kazi hiyo. Kumbe miaka yote ile alikuwa anakushikia, nawe ulituambia unafanya kazi peke yako. Tuliporudisha gurudumu akaizunguka baiskeli, akasema kiti kiko chini mno, na kwamba kama mwanafunzi hajui basi makosa ni ya marehemu. Tukakipandisha. Akaniagiza niipande mpaka barabarani na kurudi, aone. Nikaenda nikarudi. Wakaanga samaki waliniona nikipita mara mbili, na safari hii sikuwa hata nawaza kuringa.

Nilipotaka kuondoka akaniambia ningoje. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo mwekundu amefungwa miguu, akamfunga kwenye keria kwa kipande cha mpira wa tairi. Nikasema mimi ndiye niliyechukua gololi, iweje anipe yeye. "Huyo si wa gololi," akasema. "Unajua wa nini. Mpishe mume wangu, mwalimu. Miezi mitano ni mingi kumsimamisha mtu mlangoni."

Leo asubuhi nimekwenda shuleni kwa baiskeli. Gauni nililibana kwa vibanio vya nguo. Mchangani sikushika breki, nilikanyaga pedeli, kama ulivyokuwa ukinipigia kelele uwanjani. Kwenye mteremko wa mawe nilishuka nikakokota, cheka upendavyo. Gurudumu la mbele halina sauti. Nilifika mwalimu mkuu akiwa bado anafungua ofisi, akaitazama saa yake, akanitazama mimi, akaitazama tena saa.

Hitma yako ya mwaka nitakuja mapema, nimevaa ovaroli lako. Nitawaambia watu mambo yako yote, mpaka lile la sufuria, na nitawatukana ndugu zako waliotoka Liwale mmoja mmoja. Hiyo ni ahadi, na Bi Somoe ni shahidi. Amenionya kwamba ovaroli halijafuliwa. Nimemwambia la Mngindo huwa halifuliwi, akanirushia ukili.

Basi kwa heri. Sitakuficha, ningependa kukuzuia zaidi. Darasani huwa nawaambia watoto mtu akishapokea chake asilete maneno, na mimi jogoo nimempokea, yuko hapa chini ya meza anadonoa kandambili yangu. Nimesogea, Hemedi. Pita.

Mimi mtani wako,
Tabu