Bata Mzinga na Watu wa Kuazimwa

Lorraine, Ufaransa, Novemba 1944

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua na Baba amemaliza kuvuna mahindi. Mimi mzima wa mwili, ila matope ya huku yamefika hadi ndani ya soksi.

Uliuliza hii kamandi ya mapigano yetu ni kitu gani. Ni kama majirani wanapokusanyika kupura ngano kwetu. Jenerali anachukua vifaru hapa, askari wa miguu kule, mizinga na wahandisi, anawaunganisha kwa kazi moja. Kazi ikiisha anawagawa upya. Tangu Normandy tumechanganywa hivyo mpaka hatujuani majina. Ila anayeunganishwa nasi anakula kwetu, na mpishi ni mimi.

Sikukuu ya Shukrani tuliletewa bata mzinga kama nyumbani, nikawaoka ulivyonifundisha. Wakaja wahandisi wamelowa chapachapa, sahani mikononi. Koplo wao, Wendell Kubik wa Nebraska, akasema wametumwa kwetu. Nikamjibu sina habari zao, wakale kwao. Vijana wangu wakacheka, mmoja akawaambia, "Nyie watu wa kuazimwa, mkirudishwa mtashiba." Kubik akageuka na watu wake. Walikula biskuti kavu mvuani.

Kesho yake walijenga daraja chini ya risasi ili vifaru vyetu vivuke. Wengi wao hawakurudi.

Jana ikawa zamu yetu kugawiwa kwingine. Lori langu la jiko lilikwama nyuma, nikapanga foleni na sahani kwenye jiko la wahandisi. Aliyekuwa akipakua ni Kubik. Mkono wake mmoja umefungwa bendeji, hawezi tena kubeba mbao. Alinitazama, nikajua amenitambua. Akanipakulia, akauliza, "Inatosha, kaka, au nikuongeze?"

Mama, wakati wa shida ulimpa supu kila aliyegonga mlango wa nyuma, hukumuuliza katoka wapi. Tafadhali usiwasimulie tena watu wa kanisani kwamba mwanao analisha wanajeshi. Nilimdanganya Kubik. Amri ya kuwaunganisha wale wahandisi nasi nilisomewa asubuhi ileile. Nilitaka tu vijana wangu wapate kipande cha pili, na nyama ilibaki, tukaifukia. Naona aibu hata kukuandikia.

Msalimie sana Baba, na dada Inga umbusu kwa niaba yangu. Usinitumie keki Krismasi hii, mpe atakayegonga.

Kubik nilimwambia aniongeze.

Mwanao,
Orville