Majani ya Kufagia

Magwagwa, Nyamira
12 Agosti 2025

Mpendwa Baba Mkubwa Machogu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Joto la Voi linaendeleaje, na mguu wako umepona? Sisi tu wazima. Mvua imenyesha, chai imechipua, nami namsaidia Mama kuchuma kwa kuwa shule zimefungwa.

Bila shaka umesikia kuwa Baba ameshtakiwa kwa kumwibia mwajiri wake. Heri nikueleze mwenyewe, maana watu huongeza chumvi.

Wewe ulikuwa karani wa kituo cha majani chai kabla yake, kwa hiyo desturi unaijua. Majani yanayomwagika wakati wa kupakia lori, Mokeira yule mjane huyafagia, kisha yanapimwa kwa jina lake, analipwa yeye. Baba aliyakuta hayo akayaendeleza. Meneja mpya alisema majani hayo yalikwisha kununuliwa, ni mali ya kiwanda, akaita polisi.

Nyanya Abigael alisema, "Kama kufagia ni wizi, mimi nimeiba tangu niolewe!" Tulicheka. Lakini sokoni Linet, jirani yetu, aliniuliza mbele ya watu, "Leo mmefagia wapi?"

Wakili Nyangate ametufafanulia kwamba kuchukua peke yake si wizi. Ni lazima upande wa mashtaka uthibitishe nia ya kuiba. Aliyeamini kwa dhati kwamba ana ruhusa ana utetezi. Baba alishauriwa na wenzake akiri, atozwe faini, aende nyumbani. Alikataa. "Nikikiri nitakuwa nimesema nilikusudia," alisema, "na sikukusudia."

Shida ni kwamba meneja wa zamani aliyetoa ruhusa amefariki, na wewe ndiwe uliyemsikia akiitoa. Kesi itasikilizwa Nyamira mwezi ujao, nami naomba uje useme ulichosikia. Najua unaweza kuogopa kwamba nawe utashtakiwa, maana uliianza desturi hiyo. Wakili hakusema hakuna hatari. Alisema upite kwake kwanza akushauri.

Baba hataki uhusishwe. "Kaka yangu ana maisha yake," anasema, kisha anakiacha chakula kipoe.

Mokeira bado anafagia. Majani anayaacha mlangoni pa kituo, na hakuna anayethubutu kuyagusa. Yanageuka meusi pale pale.

Nisalimie Mama Mkubwa Emily na Joash. Mama na Nyanya wanakusalimu. Mungu akulinde na akuongoze njiani, ikiwa utasafiri.

Ukija, tafadhali usimwambie Baba kwamba nilikuomba. Nataka aone umekuja kwa nia yako mwenyewe.

Mimi mwanao nikupendaye na kukungoja,
Cynthia Ogeto